Kiti Kimoja cha Nzuki

Mchungaji wetu ni mgeni hapa Mbooni. Tangu tumzike kaka yangu Nzuki, amekuwa akiniuliza kwa upole kwa nini watu walicheka kaburini. Anasema amezika wengi na amesikia vilio vya kila aina, lakini hajawahi kuona waombolezaji wakicheka mpaka wakashikana mabega, tena wakati wa sala, tena kwa sababu tu mzee mmoja amevua kofia. Nilimwambia ni hadithi ndefu. Akasema, "Basi iandike, dada. Tutaisoma siku ya kumkumbuka."

Mimi ni Mbula, dada mdogo wa Nzuki, fundi wa nguo hapa sokoni Kikima. Cherehani yangu imekaa kwenye baraza ya duka lake la kinyozi tangu alipolifungua. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa mambo ya ujana wake kule Kitui, ambayo alinisimulia mwenyewe. Hayo msomaji ayapunguze chumvi kidogo.

Wanaotaka kusoma habari za marehemu mpole na mnyamavu watafute marehemu mwingine. Nimemwomba Mungu anipe maneno ya kumsifu kaka yangu, na kila nikifumba macho kuomba, namwona Nzuki akicheka.

Mchezo wake na mwanga ulianza alipokuwa shule ya msingi. Aliokota kipande cha kioo, na Jumapili akakaa karibu na dirisha la kanisa. Jua lilipoingia, alilichota na kulitupa ukutani. Lile doa la mwanga likatambaa juu ya vitambaa vya akina mama, likapita kwenye mimbari, likatua juu ya paji la uso la mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amesinzia. Mzee akashtuka na kupaaza sauti, "Amina! Asifiwe Bwana!" Bahati mbaya, wakati huo ndipo lilipokuwa likisomwa tangazo la msiba. Mtoto wa mzee huyo, kijana aliyeitwa Musembi, alimtoa Nzuki nje kwa sikio. Mlikumbuke jina hilo.

Baada ya Uhuru, Nzuki alikwenda Kitui mjini kutafuta kazi. Alipokelewa na kinyozi mmoja, Mzee Rashid, mtu wa asili ya pwani, aliyekuwa na duka dogo lenye vioo viwili vikubwa. Kimoja kilikuwa mbele ya mteja na kingine nyuma yake, vikitazamana, ili mtu aone paji la uso na kisogo kwa wakati mmoja. Katikati palikuwa na kiti kimoja tu. Nzuki aliniambia aliwahi kumshauri mwajiri wake aongeze kiti cha pili. Mzee Rashid akamwuliza, "We kijana, kichwa cha mtu ni amana. Nikishika amana mbili kwa mkono mmoja, ipi itaanguka?"

Mzee Rashid alipochoka na kuamua kurudi pwani kwa watoto wake, alimpa Nzuki vile vioo. Nzuki alivifunga kwenye mablanketi, akamwambia kondakta wa basi kwamba ni madirisha ya kanisa jipya. Kondakta, mcha Mungu, akaviweka mahali pazuri na kuwakemea abiria wasiviegemee njia nzima. Nzuki aliutubu uongo huo baadaye. Nilikuwepo alipotubu, na hata hapo alikuwa akijiuma midomo asicheke.

Basi akafungua duka hapa Kikima. Vioo viwili vikitazamana, kiti kimoja katikati. Ukikaa pale unajiona, na nyuma yako unajiona tena, na nyuma ya huyo mwingine, safu ndefu ya vichwa isiyo na mwisho. Watu walipouliza yule wa mwisho kabisa ni nani, Nzuki alijibu, "Huyo ni wewe siku ya hukumu. Angalia kama ameridhika."

Alikuwa na tabia moja iliyomfanya aogopwe soko zima. Mteja akianza kumsengenya mtu, Nzuki alingoja nusu ya kichwa iishe, kisha akaweka mashine chini na kusema, "Hadithi tamu hii. Hebu nimwite huyo jirani aje atumalizie." Mteja angekimbilia wapi na nusu ya kichwa? Alikaa pale akiomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo. Mimi naamini duka hilo lilipunguza masengenyo Kikima kuliko mahubiri mengi, na nasema hivyo kwa heshima.

Binti yake wa pekee, Nzilani, alilelewa dukani humo. Akitoka shule alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafanya hesabu zake na kutazama ile safu ya vichwa. Siku moja aliuliza, "Baba, mbona vichwa vya mbali ni vya kijani?"

"Wamekula sukuma wiki nyingi," akasema Nzuki.

Wateja walicheka. Mtoto hakucheka. Aliinuka akachungulia kwenye kioo kwa muda mrefu, na nadhani hajaacha kuchungulia mpaka leo. Ni yeye aliyetueleza baada ya miaka kwamba kila mara mwanga unapopita ndani ya kioo hupokonywa kidogo, rangi nyingine huchoka mapema, na kijani ndiyo inayofika mbali. Alifaulu mtihani baada ya mtihani, akaingia chuo kikuu Nairobi kusoma fizikia, na halafu akaitwa na chuo kimoja cha ng'ambo. Tulifanya harambee, kuku na mbuzi wakapigwa mnada kwenye uwanja wa kanisa, Nzilani akapanda ndege.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa Desemba, alirudi kututazama. Chuo kilikuwa kimemlipia masomo yaliyobaki, lakini tiketi ya kurudi na matumizi ya miezi ya kwanza vilikuwa juu yetu. Harambee ya pili ikapangwa iwe Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Musembi, yuleyule wa sikio. Alikuwa karani wa chama cha kahawa mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa mzee wa kanisa kama baba yake. Tofauti ni kwamba yeye hakusinzia kamwe.

Kamati ilimwita Nzilani aeleze anasoma nini. Masikini mtoto wetu aliogopa, akaandika ubaoni herufi za ajabu. Mzee mmoja akauliza kama hicho ni Kiebrania. Mzee Musembi aliinua mkono.

"Mwana wa Nzuki, daktari namjua. Akirudi atanidunga sindano. Wakili namjua. Mhandisi atatujengea daraja, au angalau ataiba simiti tuione kwenye nyumba yake. Wewe ukirudi utatuletea nini?"

"Mzee, tunajifunza namna mwanga mmoja unavyoweza kuongoza mwingine. Tunatumia vioo viwili, na katikati atomu moja."

"Vioo viwili." Mzee Musembi alimgeukia Nzuki. "Tumemtuma mtoto ng'ambo akasomee duka la baba yake?"

Watu waliangua kicheko. Nzuki pia alicheka, hakuweza kujizuia.

"Na tena," akaendelea Mzee Musembi, "mwanga ni wa Mungu. Mungu anauongoza."

"Hata mahindi ni ya Mungu, Mzee," akasema Nzilani, "na bado tunayapalilia."

"Naam. Lakini mahindi yanaliwa." Akasimama. "Sikilizeni. Sina ubaya na mtoto huyu. Lakini sitasimama mbele ya watu kuwaomba kuku wao kwa kitu nisichoweza kukieleza. Nipeni maana kabla ya Jumamosi. Mkishindwa, Jumamosi tutachangia paa la kanisa, na msichana atafundisha hapa nyumbani. Walimu wa hesabu wanatafutwa."

Sikuweza kumlaumu, maana alikuwa mkweli. Lakini nilimwona Nzilani njiani akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliopasuka.

Nzuki akasema mambo ya kueleza aachiwe yeye. Hapo ndipo tulipoanza kuharibu.

Siku ya soko alifunga milango na madirisha ya duka, akajaza watu ndani, Mzee Musembi mbele kabisa. Nzilani alikuwa amekwenda Mukuyuni kumsalimu nyanya yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia. Nzuki alikuwa na tochi mbili. Alimwaga poda ya mtoto hewani ili miale ionekane, akawasha tochi moja. Mwale ukapita kutoka kioo hadi kioo, mzuri kama uzi mweupe. Hata mimi nilisema aiya kwa mshangao.

"Sasa," akatangaza Nzuki, "tochi ya pili itaizima ya kwanza. Tazameni!"

Akawasha ya pili, ikakatiza mwale wa kwanza. Na kweli, ule wa kwanza ukazimika. Watu wakapiga makofi. Mzee Musembi akapiga chafya kwa ajili ya poda, akafuta macho, akasema, "Rudia."

Nzuki akarudia. Mwale ukazimika.

"Rudia, na unionyeshe kidole gumba."

Kumbe Nzuki alikuwa akibonyeza swichi ya tochi ya kwanza kwa siri. Alipoondoa kidole, mianga ile miwili ilipishana katikati ya chumba kama watu wawili wasiosalimiana. Hakuna uliozimika. Poda ilikuwa imejaa puani mwa kila mtu, na chafya zilipigwa pande zote.

"Nimeona tochi mbili na mwongo mmoja," akasema Mzee Musembi. Alitoka akijikung'uta koti, na watu wote walifuata, weupe kama waliosaga unga.

Nzilani aliporudi jioni alikuta habari imeshafika stendi. Hakumkaripia baba yake. Alikaa barazani karibu na cherehani yangu, akashika kichwa.

"Baba, hivyo ndivyo ilivyo. Mianga miwili ikikutana hupishana tu. Hiyo ndiyo shida yenyewe tunayoihangaikia. Ulimsahau wa katikati."

"Wa katikati ni nani?"

"Atomu. Punje ndogo kuliko vitu vyote unavyovijua. Inashika chembe moja ya mwanga, basi. Chembe ya pili ikija wakati huo, inakuta..." Aligeuka akatazama ndani ya duka. Kiti kilikuwa pale peke yake, kati ya vioo. "Baba," akasema polepole, "mtu akija na kukuta unamnyoa mwingine, anafanya nini?"

"Anarudi. Nina kiti kimoja."

"Anarudishwa na nani? Huyo aliyekaa amemsukuma?"

"Hata hajamtazama. Uso wake uko kwenye kioo."

"Basi atomu ni wewe."

Nzuki alikitazama kile kiti kimoja. Kisha akaanza kutabasamu, na mimi niliyemjua tangu utoto niliacha kushona. Nilijua tabasamu lile.

"Mzee Musembi ananyolewa lini?" akaniuliza.

"Ijumaa," nikajibu. "Mwenyekiti hawezi kwenda harambee na nywele kichwani kama kichaka."

"Kaka," nikaongeza, "usifanye unachofikiria."

"Mimi? Mimi ni atomu tu."

Ijumaa mchana Mzee Musembi alifika akiwa na kofia yake nyeusi mkononi. Hakutaka kuja, lakini kinyozi mwingine wa pale Kikima alikuwa akikata masikio. Alikaa bila kusalimia. Nzuki alimfunga shuka shingoni kwa heshima zote, akaanza upande wa kulia. Nzilani alikuwa kwenye ndoo yake ya zamani, na mimi barazani, mlango uko wazi.

Upande wa kulia ulipokwisha, Njogu alifika. Njogu ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Nyeri, mtu wa haraka daima. Alichungulia, akamwona mzee kitini, akasema, "Ah, kuna mtu," akaenda zake.

"Mzee," akasema Nzilani, "umemwona huyo?"

"Nani?"

"Njogu. Amekuja akarudi. Umemgusa?"

"Nimguse kwa nini?"

"Basi hivyo ndivyo..."

Hapo radi ikapasuka juu ya kilima, radi ya mvua ya kweli. Kila mtu wa kwetu anajua cha kufanya: vioo hufunikwa, radi isije ikaitwa ndani. Mzee Musembi mwenyewe alipaaza sauti, "Funika vioo, Nzuki! Funika!" Nilikimbia na vitambaa viwili vya wateja wangu, tukafunika. Mvua ikaanguka juu ya mabati kama mawe.

Nzuki alikaa kwenye kizingiti na kukunja mikono.

"Endelea basi," akasema mzee.

"Nitaendeleaje bila vioo, Mzee? Kuna sikio upande huo, na familia yetu na yenu zina historia mbaya ya masikio."

"Wewe Nzuki!"

"Tungoje mvua. Mvua ni baraka."

Mzee Musembi alishika kichwa. Kulia, kipara kinachong'aa. Kushoto, nywele zote za mwezi mzima. Alitazama mlango, akatazama mvua, akaketi kama mtu aliyefungwa kamba. Basi Nzilani alianza kueleza, na kwa sababu ya mabati ilibidi apige kelele.

"WEWE NI CHEMBE YA KWANZA, MZEE! NJOGU NI YA PILI! BABA NDIYE ATOMU!"

"MIMI NI NINI?"

"CHEMBE YA MWANGA!"

"ASANTE!" akasema mzee, akiwa hajui kama ametukanwa.

Mvua ilipopungua kidogo waliweza kuongea kama watu. Mzee hakuwa mtu wa kukubali haraka.

"Njogu ana akili. Ameona kiti kina mtu, akarudi. Mwanga una akili?"

"Hauna, Mzee. Maji ya mto pia hayana akili, lakini yakikuta jiwe yanapinda."

"Jiwe si maji. Wewe ulisema mwanga ndio unaozuia mwanga."

"Ndiyo. Hebu fikiria jiwe lisilozuia kitu mpaka tone la kwanza likae juu yake."

Mzee alifikiri. "Na vioo?"

"Bila vioo, mwanga hupita mara moja tu kama msafiri wa barabarani. Hata hajui kuna kinyozi. Vioo vinaurudisha tena na tena, maelfu ya safari, mpaka ukutane naye."

"Na hiyo atomu mnaifungaje hapo katikati?"

Nzilani akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Hatujaweza. Tunaidondosha, inapita kati ya vioo, na imeshakwenda kabla hujapepesa jicho. Hapo ndipo tunapofanya kazi yetu."

"Na kazi hiyo itafaa nini?"

"Labda mashine za hesabu. Labda simu. Sijui bado, Mzee."

Nilifikiri tumekwisha. Mzee alimgeukia, nusu ya kichwa chake iking'aa. "Angalau huyu hafichi kidole," akasema. Kisha akasimama ghafla na kutega sikio. Kijito kati ya soko na nyumbani kwake kilikuwa kimeanza kunguruma. Kikijaa, mtu hulala ng'ambo ya pili. "Nitarudi asubuhi na mapema," akasema. Akavaa kofia mpaka masikioni, akakimbia na shuka ya kinyozi ikipepea shingoni.

Hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika dukani nikakuta mlango uko wazi, Nzilani kwenye ndoo na Njogu kitini. Nzuki alikuwa akimnyoa kwa mkasi, unywele mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

"Haraka, bwana," akasema Njogu. "Mzigo wangu unaningoja."

"Kichwa cha mtu ni amana," akajibu Nzuki.

Mzee Musembi akatokea mlangoni, suti nyeusi, viatu vimepakwa rangi. "Nzuki."

"Kiti kina mtu, Mzee."

"Harambee ni leo!"

"Najua, Mzee. Lakini Njogu alirudishwa jana."

"Njogu ni kijana. Ainuke."

Njogu alianza kuinuka, na Nzuki akamrudisha kwa kidole kimoja begani. Mzee Musembi aliondoka, akazunguka soko, akarudi. Kiti kina mtu. Akaondoka tena, akarudi tena. Nzuki alikuwa amefika kwenye sikio moja. Kengele ya kanisa ikalia.

Mzee alivua kofia ili atupe maneno makali, naamini hivyo. Lakini pale mlangoni alijiona kwenye kioo: yeye, na nyuma yake yeye, safu nzima ya wenyeviti walionyolewa nusu, mpaka wa mwisho wa kijani. Akamtazama Nzilani kwenye ndoo.

"Njogu amenigusa?"

"Hapana, Mzee."

"Ameniambia neno?"

"Hapana."

"Na nimerudishwa. Mara ngapi sijui."

"Ndiyo, Mzee."

Akavaa kofia, akaenda bila kusema kitu kingine. Nzuki aliweka mkasi chini. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mbula," akasema, "nadhani nimemharibia mtoto wangu." Sijawahi kumwona na uso ule, isipokuwa miezi yake ya mwisho, kifua kilipomzidi. Njogu ndiye aliyesema, "Basi malizia upande huu, ndugu, tukashuhudie hayo mazishi."

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na kuku, mayai, mikungu ya ndizi, debe la maharagwe. Mzee Musembi alipanda jukwaani na kofia yake. Nilikuwa nimemshika Nzilani mkono, baridi kama jiwe la mtoni. Mwenyekiti ndiye hufungua kwa sala, na mwanamume hasali na kofia kichwani. Uwanja mzima ulingoja. Nzuki alitazama chini.

Mzee akavua kofia.

Kicheko kilichoanza hapo, nadhani kilisikika mpaka Kathonzweni. Akina mama walikaa chini. Kuku mmoja aliachiwa akakimbia. Mzee Musembi hakutikisika. Aliomba sala ndefu, kipara kimoja na kichaka kimoja mbele za Mungu, akasema amina, kisha akainua mkono.

"Mmeshacheka. Sasa nyamazeni, niwaeleze mtoto wetu anasoma nini. Mnakijua kiti cha Nzuki? Ni kimoja..."

Akaeleza. Alieleza kiti, na vioo, na jana na leo, na Njogu akaitwa asimame aonekane. Alikosea mahali pawili, Nzilani aliniambia baadaye, lakini si pabaya. Alipomaliza akasema, "Itafaa nini, hajui. Amekataa kunidanganya, na nimemuuliza nikiwa katika hali ya kudanganyika. Mimi natoa mbuzi. Nani ananifuata?"

Nzilani alisafiri baada ya Krismasi. Jioni ya harambee Nzuki alimnyoa Mzee Musembi upande wa pili, mlango umefungwa. Sijui walizungumza nini. Nilisikia tu kicheko, kwanza cha mmoja, halafu cha wawili.

Kaka yangu aliugua mwaka huu, tisini na tisa, akatuacha kabla ya mvua. Mpaka mwisho alikataa kiti cha pili. Siku alipokuwa hawezi tena kusimama, alitaka akalishwe kwenye kile kimoja, akatazama ile safu ya vichwa vyake, akaniambia, "Mbula, yule wa mwisho anaonekana ameridhika." Nililia. Akasema, "Ama amekula sukuma wiki." Mungu amlaze pema, maana mimi nilishindwa kujua nicheke au nilie, na bado nashindwa.

Nzilani alifika kutoka ng'ambo usiku wa kuamkia mazishi. Na kaburini, Mchungaji, uliposema "Tuombe," Mzee Musembi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alivua kofia yake nyeusi. Upande wa kulia ulikuwa kipara kinachong'aa. Upande wa kushoto, mvi zote za mwezi mzima. Alikuwa amejinyoa mwenyewe asubuhi hiyo, na alikuwa amejikata mahali. Ndicho walichokichekea.

Watu walipokula na kuondoka, nilikwenda dukani kuchukua cherehani yangu isinyeshewe. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Musembi alikuwa kitini, shuka shingoni, macho ameyafumba, machozi yakishuka hadi kwenye shuka. Nzilani alikuwa amesimama nyuma yake na mashine ya baba yake, akimaliza upande wa kushoto. Niliinua mguu niingie niwakumbatie wote wawili.

Nzilani hakugeuka. Aliniona kwenye kioo.

"Shangazi, ngoja nje kidogo," akasema. "Kiti kina mtu."